Koti la Baba na Skrini ya Dada

Dada yangu amenizidi vitu vingi. Amenizidi urefu, amenizidi nywele, na ameolewa Musoma mjini wakati mimi niliolewa Bunda kwa mtu aliyeniahidi duka akaniachia benchi. Hivyo vyote nimevisamehe, au nimejilazimisha. Kitu ambacho sikuweza kumsamehe miaka yote ni kanda moja ya video.

Kanda yenyewe ni ya siku ng'ombe wa mahari yake walipoletwa nyumbani kwetu Butiama. Upande wa bwana harusi walikuja na mpiga video, kitu ambacho kijijini kwetu watu walikuwa wanakisikia tu. Umeme ulikuwa haujatufikia, kwa hiyo kanda haikuwa na kazi kwetu. Iliondoka na dada kwenda kwa mumewe Mwisenge, hapo Musoma, na huko ndiko ilikokaa. Baba alipofariki, mimi nilibaki na picha yake ya kitambulisho, ile ambayo mtu anakodoa macho kama amekamatwa. Dada alibaki na baba anayetembea. Nikitaka kumwona ilibidi nipande gari, nifike kwake, nile chakula chake, nimsifie mapazia yake, halafu ningoje mpaka atakapoamua mwenyewe kushika rimoti.

Na akishaishika alikuwa na mahali pake pa kusimamisha.

Kwetu, pamoja na ng'ombe, upande wa mume huleta koti la baba. Ni lazima. Mzee huvishwa mbele ya watu, vigelegele vinapigwa, na akishavaa anakaa nalo mpaka wageni waondoke, hata jua liwe kali namna gani, maana kulivua ni kama kusema hujapokea. Kwenye kanda baba anavishwa vizuri tu. Koti jeusi, refu, linampwaya mabegani. Kisha picha inakatika, kama kanda zile zilivyokuwa zikikatika, na inaporudi ng'ombe wanaingizwa uani na baba amekaa kwenye kiti akiwa na shati tupu. Koti halipo, na kofia yake haipo kichwani. Wazee wenzake wananyoosha fimbo, wanabishana juu ya mtamba mmoja aliyekonda, lakini yeye hawatazami ng'ombe. Ameinamisha uso. Midomo inacheza kidogo, na bega moja linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi.

Hapo ndipo dada alipokuwa akibonyeza.

"Mnaona?" alikuwa akiwaambia wageni. "Analia. Hakutaka watu wamwone. Koti alilivua kwa uchungu, wakwe walitaka kukasirika. Ng'ombe wote wale, hata mmoja hakumwangalia. Alikuwa ananililia mimi."

Wageni wanaguna kwa huruma. Mimi natafuna.

Siku ya mahari yangu, baba alivaa koti lake mpaka jioni. Alikula, alicheka, aliwafunua ng'ombe midomo akawakagua meno, na mmoja akamrudisha. Hakuna aliyemwona akiinamisha uso. Wapo watakaosema hiyo ni heri, baba mwenye furaha siku ya binti yake. Mimi nilitaka machozi. Nilitaka bega litikisike. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki tangu ujana na magauni bado yananibana.

Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba ile siku ya dada sikuiona hata kidogo. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa na homa. Nakumbuka meno yakigongana, nakumbuka uchungu wa dawa, basi. Nilipopata nafuu nyama ilikuwa imekwisha na dada ameshaondoka. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka: "Wewe ulilala kama gogo siku nzima." Sikuwahi kumuuliza nililala wapi. Mtu akikuambia ulilala, unajua ni ndani, kitandani.

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo hili. Pale Bunda nina kibanda cha video. Watu wanaviita vibanda umiza, na kwa changu hawakukosea, mabenchi hayana mgongo. Wateja wanataka mpira, wanataka filamu zilizotafsiriwa, wakati mwingine mtu analeta kanda ya kipaimara ya mtoto wake anataka ukoo mzima uione ukutani. Kila kitu kinatoka kwenye mashine yake: king'amuzi, kompyuta, deki ya zamani. Kila mashine inasema kwa namna yake, na projekta haina subira ya kuzielewa zote. Kwa hiyo nina boksi la kati, jeusi, la mitumba, limekwaruzika. Waya zote zinaingia nyuma yake, na mbele unatoka waya mmoja tu. Boksi linapokea picha ya kila aina, linaibadilisha na kuipima upya, halafu linaipeleka kwenye projekta kwa ukubwa mmoja na lugha moja. Limekula usingizi wangu mpaka nikalijua.

Wiki moja kabla ya mahari ya binti yake, dada alinipigia simu. Shemeji alikuwa amenunua TV mpya.

"Kubwa hiyo," alisema. "Ukiiona utachoka. Sasa haina yale matundu ya rangi ya kuchomeka deki. Tumenunua kidude cha kubadilishia, picha inakuja imepauka halafu ng'ombe wamekuwa na meno. Nyie watu wa vibanda mnajuaga haya mambo. Njoo na lile boksi lako. Wakwe zangu wakija Jumamosi nataka wamwone baba."

Nyie watu wa vibanda. Nilifunga boksi kwenye kitenge nikaenda.

Nilipoingia sebuleni kwake nilikaribia kuisalimia TV kabla ya shemeji. Ilikuwa imechukua ukuta kutoka dirishani mpaka mlangoni. Chini yake sabufa, pembeni spika ndefu, na maua ya plastiki juu ya kila kitu. Niliisifia kwa sauti iliyonitoka kwa shida. Moyoni nilikuwa napima kama ingeenea kwenye kibanda changu, na nilijua wateja wa mtaa mzima wangehamia kwangu. Dada alikuwa ananitazama usoni anione nikichoka.

"Nimechoka," nilimwambia, ili tuendelee.

Alinipa kanda, akaniachia agizo mlangoni, kapu tayari mkononi anakwenda kutafuta sato. "Hakikisha imejaa. Sitaki yale meusi pembeni. Wageni watasema TV mbovu."

"Itajaa."

"Mpaka mwisho wa skrini kabisa. Kama ilivyokuwaga kwenye TV ile nyingine."

Shemeji alikwenda kusimamia watu wa maturubai. Nikabaki mwenyewe na waya.

Ile shida ya ng'ombe kuwa na meno niliijua kabla sijaiona. Picha ya kanda haiji nzima. Inakuja nusunusu, mstari mmoja ukiruka mmoja, halafu nusu ya pili inajaza nafasi zilizoachwa. TV za zamani zilizoea hivyo. Hizi mpya zinataka picha nzima kwa mpigo, na kidude cha bei rahisi kinazibandika zile nusu mbili bila kufikiri. Kitu kikiwa kimetulia hutaona kasoro. Kikitembea, nusu ya kwanza imemkuta ng'ombe hapa na ya pili imemkuta pale, na pembe zinatoka na meno ya kitana. Boksi langu linaangalia kwanza. Mahali palipotulia linaunganisha, mahali penye mwendo linachukua nusu moja na kukisia iliyobaki. Nikachomeka waya wa njano, nikabonyeza, na wale ng'ombe wakaingia uani kwa baba pembe zao zikiwa laini.

Baada ya hapo ni kukuza. Kanda ina mistari michache, na skrini ya dada ina nukta zisizohesabika zinazotaka kulishwa. Boksi haliwezi kuleta kitu ambacho kamera haikukiona. Linaangalia nukta mbili za jirani na kubuni iliyo katikati yao. Ukiliachia sana linabuni mpaka uso wa mtu unakuwa kama umepakwa mafuta. Nikalizuia kidogo. Rangi zilikuwa zimevuja nje ya nguo, nikazirudisha kadiri nilivyoweza. Baba akatokea na kasoro zake, na ndevu ambazo hakuzinyoa vizuri chini ya kidevu. Nilikaa kwenye kochi la dada nikamtazama. Nilikuwa na wivu hata na kochi.

Likabaki umbo. Picha za zamani zinakaribia kuwa mraba, na TV hizi ni pana, kwa hiyo lazima kitu kimoja kiumie. Unaweza kuivuta picha pembeni, ikajaa, na watu wote wakanenepa. Unaweza kuikuza yote mpaka upana utoshe, na hapo juu na chini vinazidi skrini na kukatwa. Au unaiacha kama ilivyo, na pembeni panabaki weusi. Boksi langu, ukiliwasha upya, linaanza na hiyo ya tatu, maana halina cha kumficha mtu.

Kwa hiyo pale sebuleni picha ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa nimeshughulika na meno ya ng'ombe nisiione. Nilianza na vichwa. Kwenye kanda hii wazee warefu walikuwa wamekatwa vichwa siku zote, na ukoo mzima tulikuwa tukimsema yule mpiga video, kwamba wakwe walileta mtu asiyejua kazi. Sasa wazee wote walikuwa na vichwa. Nikacheka peke yangu. Nikasogeza macho kuona na chini kuna nini.

Chini, kwenye miguu ya baba, kulikuwa na ngozi ya ng'ombe imetandikwa. Juu ya ngozi kulikuwa na koti jeusi, refu. Kola yake ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu, na pale kwenye kola kilitokea kichwa cha mtoto kilichonyolewa, na kipande cha gauni la njano.

Lile gauni nalijua. Mama alilishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye lake. Na nyumbani kwetu mtoto mdogo alikuwa mmoja tu.

Baba alikuwa na kofia yake mkononi. Ule mkono ambao dada hakuwahi kutuonyesha ulikuwa unanipepea. Unafukuza nzi usoni kwangu, unakwenda na kurudi, na bega linafuata. Midomo ilikuwa inacheza kwa sababu alikuwa anasema na mimi, au ananiimbia, sauti yake kanda haikuichukua. Ng'ombe walipita, wazee wakanyoosha fimbo, mtamba aliyekonda akabishaniwa, na baba hakuinua uso hata mara moja.

Nilirudisha nyuma. Nikatazama tena. Nilitaka kupiga kelele barabarani. Nilitaka kumwita shemeji na watu wake wa maturubai waje na nyundo zao waone nani alikuwa analiliwa siku ile. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa nzuri. Ilikuwa ya mtu aliyemkuta mwizi wake.

Dada aliingia kapu likidondosha maji ya samaki. Aliangalia skrini kabla hajaniangalia mimi.

"Nilikuambia ijae," alisema.

"Dada, huyu nani?"

Aliweka kapu chini, juu ya zulia lake, yeye ambaye mgeni akiingia na viatu anaugua.

"Dada. Huyu hapa chini nani?"

"Unamjua."

"Ulikuwaga unajua?"

"TV yetu ya kwanza ilikuwa ya kichogo, ile ya mraba," alisema. "Hiyo ilikuwaga inaonyesha yote. Nilikuwa mgeni hapa, sijui mtu, mume yuko kazini mchana kutwa. Nikawa naweka kanda nimwone baba. Siku ya kwanza tu nikakuona. Sikumwekea mtu mwingine."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Siku yangu. Ng'ombe zangu zinapita, baba hazioni. Nimesimama mlangoni nimepambwa, hanioni. Hata koti langu, koti alilovalishwa kwa ajili yangu, amekufunika wewe." Alikuwa anasema taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha, maana dada yangu ni mtu wa kelele. "Ilipokuja TV ya flati fundi akaniuliza, tuiache hivi au tuikuze ijae? Nikamwambia kuza. Akakuza. Ukapotea. Nikamwona baba peke yake ameinamisha uso, nikasema, haya, huyu sasa ni wangu."

"Nilikuwa na homa, dada."

"Najua ulikuwa na homa! Unafikiri sijui?" Sasa sauti ilipanda. "Wewe ulibaki naye, mdogo wangu. Ulikula naye, ukasoma mbele yake, ukamzika ukiwa umemshiba. Mimi niliondoka jioni ile ile. Siku yenyewe ilikuwa moja, na hiyo nayo sikuipata yote."

Alichukua kapu lake. Pale mlangoni pa jikoni alisimama akiwa amenipa mgongo. "Rimoti unayo wewe. Wageni wanakuja Jumamosi. Fanya unavyotaka."

Nilibaki na rimoti. Baba alikuwa bado ananipepea. Nilikuwa nimengoja ushahidi kama huu tangu nipate akili, na sasa nilikuwa nao mkubwa kama ukuta. Lakini nilikuwa nimeiona sura ya dada aliposema neno "hanioni". Sura ile naijua. Nimeivaa sebuleni mwake kila nilipokuja, nikitafuna chakula chake, nikidhani ni mimi tu mwenye nayo.

Msiseme nilifanya wema. Wema sikuwa nao. Niliona tu kwamba nikiacha picha ilivyo, mimi nitapata kidogo na yeye atakwisha. Nikabonyeza. Picha ikavimba, ikajaa mpaka mwisho wa skrini. Wazee wakapoteza vichwa vyao, na mimi na koti tukashuka chini ya TV kwenye maua ya plastiki.

Jumamosi wakwe walijaa. Shemeji alivishwa koti lake, akakaa nalo akitiririka jasho, feni inampulizia shingoni, na hakuna kilichomtoa humo. Baada ya chakula dada alisimama mbele ya TV. Rimoti aliniachia mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Tulipofika mahali pake nilisimamisha bila kuambiwa.

Alitupa jicho kwenye maua ya plastiki chini ya TV. Nilidhani atalisema.

"Mnaona," alisema. "Baba yangu. Koti alilivua kwa uchungu. Alikuwa ananililia."

Mama mkwe wa binti yake alichukua pembe ya kitenge akajifuta macho. Wanawake wakaguna. Dada hakunitazama, na mimi niliangalia vidole vyangu. Wivu ukanipanda, ule ule wa siku zote. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na wivu juu ya uongo huku ukweli anao mfukoni.

Wageni walipoondoka nilifunga boksi langu kwenye kitenge. Dada alikuja na deki ya zamani imezungushiwa waya wake, na kanda juu yake.

"Chukua. Huku hakuna matundu ya kuchomeka," alisema, kana kwamba shida yote ilikuwa matundu. Halafu akaongeza, akitazama pembeni, "Mimi nimeshamaliza nayo."

Sasa iko kwangu Bunda. Asubuhi, kabla sijafungua mlango kwa wateja, kibanda kikiwa na giza lake, ninaiweka. Ninaiacha nzima, na weusi wake pembeni. Baba anatokea ukutani mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, ameinamisha uso, kofia inakwenda na kurudi. Ninakaa kwenye benchi langu lisilo na mgongo na kutafuta ndani yangu kitu chochote cha siku ile. Upepo wa ile kofia. Harufu ya koti jipya. Neno moja kati ya yale aliyokuwa anasema. Boksi linaweza kubuni nukta iliyo katikati ya nukta mbili, lakini mimi sina hata hizo mbili. Nina homa tu, na uchungu wa dawa.

Dada nimemwachia. Siku hizi ninayemwonea wivu ni yule mtoto pale chini. Koti lote lake, baba mzima wake, na yeye amelala.